Kopo la Mafuta ya Mgando: Je, Ni Salama kwa Watoto Wetu wa Shule?



Mtu wa Pwani akitajiwa Meru hukumbuka miraa, na akitajiwa Embu hukumbuka muguka, hasa baada ya mvutano wa mwaka 2024, pale kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipolipiga marufuku jani hilo. Mazungumzo yetu ya wiki hii hayahusu majani hayo. Yanahusu watoto wetu wanaosoma na kuishi huko juu, ngozi zao, na kopo moja dogo ambalo ni nadra kulikosa katika sanduku la mwanafunzi: kopo la mafuta ya mgando.

Mwezi wa Julai tulipanda Meru kuwatembelea wanafunzi wa Kiislamu waliotoka kwetu. Mji wa Meru uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu mita zipatazo 1,350. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka kutoka Mlima Kenya, jua likaweza kufichika tangu asubuhi hadi alasiri, na baridi ikaingia hadi mifupani. Sisi tuliozoea joto la Mombasa tulikwenda na kanzu nyepesi, tukaishia kuazimwa koti.

Baada ya sala ya Adhuhuri alitujia kijana wa kidato cha kwanza, mzaliwa wa Kisauni, akiwa na chupa mkononi. Mama yake alimfungia mafuta ya nazi yaliyotengenezwa nyumbani, naye aliyakuta yameganda, meupe kama samli, hayatoki hata chupa ikipinduliwa. Alidhani yameharibika njiani. Tulimtuliza kwamba mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na kwamba akiiweka chupa katika maji ya vuguvugu yatayeyuka kama yalivyokuwa. Lakini miguu yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekanyaga majivu, na visigino vimepasuka hadi kutoa damu. Ndipo alipouliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Alisema, "Sheikh, wenzangu wananipa mafuta yao ya mgando, lakini nyumbani niliambiwa yanaleta saratani. Nijipake au nivumilie?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutauliza wenye ujuzi.

Siku mbili baadaye tuliteremka kwa gari kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu, tukafikia kwa binti wa rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni. Yeye na mumewe walihamia huko kwa ajili ya kazi, na binti yao wa miaka 11 anasoma shule ya kutwa na jioni huenda madrasa. Mtoto huyo tulimzoea kuwa mchangamfu. Safari hii alitupa mkono wa salamu huku ameshika ncha ya mtandio mbele ya uso, na hakukaa barazani.

Baada ya chakula mama yake alileta makopo mawili akayaweka juu ya mkeka. La kwanza lilikuwa mafuta ya mgando ya kawaida, nusu yake limetumika, limekaa juu ya kabati kwa miezi. La pili lilikuwa kikopo kidogo kisicho na jina, kisicho na lebo, ndani yake krimu ya rangi ya manjano hafifu.

"Ami," alisema, "nimemharibu mtoto wangu, na sijui ni kwa lipi kati ya haya."

Alitusimulia bila kuficha. Ujumbe ulizunguka kwenye simu za akina mama ukidai kwamba mafuta ya mgando ni taka za petroli, kwamba huziba ngozi isipumue, humtia mtoto weusi na mwishowe humletea saratani. Akaogopa, kama mama yeyote angeogopa. Aliyaweka kando, akaenda duka la vipodozi, na muuzaji akamchotea kutoka ndoo kubwa kile alichokiita krimu laini ya watoto. Wiki za mwanzo uso wa binti ulin'gara kama yai lililomenywa, na majirani wakasifu. Kufikia mwezi wa nne mashavu yalikuwa mekundu, vimishipa vyembamba vyaonekana, vipele vimejaa kidevuni, na sabuni ikigusa uso mtoto hulia. Akikaa siku mbili bila krimu, uso huwaka na kuwasha, hata alazimike kuirudia.

Wasomaji wetu wataona mapema jambo tulilolithibitisha baadaye: mama huyu alikimbia kitu kisicho na hatari, akakimbilia chenye hatari. Kwa kuwa hakuwa peke yake katika kosa hilo, hatuna budi kueleza kwa utaratibu, kopo moja baada ya jingine.

Kopo la kwanza

Ni kweli kwamba mafuta ya mgando hutokana na mafuta yasiyosafishwa yanayochimbwa ardhini. Mwaka 1859 mkemia kijana, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako visima vya mafuta vilikuwa vimeanza. Aliwakuta wafanyakazi wakilalamikia uto mzito unaonata kwenye mitambo, lakini pia wakijipaka uto huohuo penye michubuko na majeraha ya moto. Akauchukua, akausafisha kwa miaka, na mwaka 1872 akapata hataza ya bidhaa aliyoiita Vaseline. Kwenye lebo za leo kiungo hiki huandikwa kwa jina la petrolatum, nacho kimo katika mafuta mengi ya kujipaka, hata yale yasiyoitwa mafuta ya mgando.

Asili ya kitu si hukumu yake. Chumvi tunayokula hutoka katika maji ya bahari ambayo hatuwezi kuyanywa. Kinachotazamwa ni usafishaji. Uto usiosafishwa vizuri waweza kubaki na kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani, na hapo ndipo uvumi ule ulipochota chembe ya ukweli. Kwa sababu hiyo sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu kiungo hiki katika vipodozi isipokuwa historia yake yote ya usafishaji ijulikane na ithibitike kwamba malighafi yake haisababishi saratani. Kilichosafishwa kwa daraja la dawa ndicho ambacho madaktari wa ngozi duniani huwaandikia watoto wenye ngozi kavu na wenye ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Hakina manukato wala rangi, na ni nadra sana mtu kudhurika nacho kwa mzio.

Ama dai kwamba ngozi haitapumua, ngozi haivuti pumzi kama mapafu. Ngozi hupoteza maji kidogokidogo kwenda hewani, na hewa ikiwa baridi na kavu, na upepo ukivuma, hupoteza zaidi. Mafuta ya mgando hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke, kama kawa inavyofunika chungu cha wali mvuke usipotee. Kwa hiyo mtoto anayejipaka juu ya ngozi iliyokauka kabisa hufunika ukavu, kisha akasema mafuta hayafai. Anayejipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, ndiye anayeona faida yake.

Ama weusi, mafuta hayana uwezo wa kubadili rangi aliyoumbwa nayo mtoto. Ngozi iliyopauka huonekana ya kijivu kwa sababu ya magamba madogo ya ukavu, na ikipakwa mafuta magamba hulala na rangi yake halisi hurudi. Kilichoitwa weusi ni mtoto kurudi kuwa mwenyewe.

Katika nyumba za Meru na Embu, nchi ya kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa, tuliona jambo jingine ambalo sisi wa Pwani twaweza kulicheka kabla ya kulifahamu. Familia nyingi hujipaka mafuta ya kukamulia, yaani jeli iliyotengenezwa kulainisha chuchu za ng'ombe zisipasuke wakati wa kukamuliwa. Jina la Arimis lajulikana sana Kenya nzima kwa kazi hiyo, na watoto wangapi wa mlimani wamekwenda shule mashavu yanang'aa kwa mafuta hayo! Msingi wa jeli za namna hii ni uleule wa mafuta ya mgando, na ngozi ya ng'ombe nayo hupasuka kwa sababu zilezile. Jambo la kuangalia ni lebo: mafuta mengine ya mifugo huongezwa dawa za kuua vijidudu ambazo ngozi laini ya mtoto yaweza kuwashwa nazo. Chochote kilichoandikwa kwamba kina dawa ya mifugo kiachwe kwa mifugo.

Tahadhari zilizo za kweli

Kusema kitu ni salama si kusema kitumiwe ovyo. Ziko tahadhari ambazo wazee wetu wengi hawakuambiwa, nasi hatukuzijua.

Mafuta ya mgando yasisukumwe ndani ya pua kila usiku kwa ajili ya mafua au ukavu. Kidogo kwenye ukingo wa pua hakina neno, lakini yakitumiwa ndani ya pua kwa muda mrefu chembe zake zaweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta homa ya mapafu isiyotokana na vijidudu.

Yasipakwe juu ya kuungua kulikotokea sasa hivi. Mtoto akimwagikiwa na chai, mafuta hufungia joto ndani ya ngozi. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Yasiachwe karibu na mshumaa au jiko. Kopo lenyewe haliwaki kwa urahisi, lakini shuka au nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi. Katika mabweni ambamo umeme hukatika, wazazi wawaonye watoto wao kwa maneno ya wazi.

Tena, mafuta hayatibu mashilingi wala upele. Mtoto mwenye duara linalowasha kichwani, au anayejikuna usiku katikati ya vidole, anahitaji dawa yake, na kumpaka mafuta ni kumchelewesha. Pia kopo la mwanafunzi liwe lake. Vidole vya bweni zima vikiingia kopo moja, maradhi ya ngozi nayo huenda yakagawana.

Mwisho, ukavu mwingine hatuutibu kwa kupaka bali kwa kuacha. Wanafunzi wengi huoga kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, na kwa maji ya moto sana wakiyapata. Sabuni hiyo huondoa mafuta ya asili ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka katika ngozi. Kijana wetu wa Kisauni, tulipomuuliza, alikuwa anaoga kwa kipande hichohicho anachofulia soksi.

Kopo la pili

Tulimshauri mama apeleke mtoto na kikopo hospitali, nasi tukafuatana nao. Daktari wa ngozi alimtazama binti kwa taa, akauliza muda wa matumizi, akanusa krimu, kisha akasema kwamba dalili zote zaelekea dawa za steroidi zilizochanganywa ndani ya krimu bila kutajwa.

Steroidi za ngozi, kama betamethasone na clobetasol, ni dawa, wala hatuzikatai. Zikiandikwa na daktari kwa siku maalumu, mahali maalumu, hutuliza ukurutu mkali na humpumzisha mtoto. Lakini zikipakwa usoni kwa miezi hugeuka kinyume. Ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi huzuka, michirizi hubaki mwilini maisha yote. Zikiachwa ghafla uso huwaka, na mtu akadhani alikuwa akiponywa na kile kinachomdhuru. Zikipakwa juu ya mashilingi, huyafichia sura yake na kuyaeneza. Kwa mtoto hatari huzidi, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, hivyo dawa huingia damuni kwa kiasi kikubwa zaidi, nayo yaweza kuzilegeza tezi zinazotengeneza homoni na hata kuchelewesha kimo chake.

Steroidi si kiungo pekee kinachojificha katika mikorogo ya namna hii. Hidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, yaweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati iliyochanganyika na nyeusi, ambayo ni magumu sana kuondoa. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na madhara yake hayamuishii anayejipaka: hubaki katika taulo, mto na hewa ya chumba, hata mtoto mchanga anayelala na mama yake akaipata. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliviwekea marufuku vipodozi vyenye zebaki. Hapa kwetu, Shirika la Viwango la Kenya lilikwishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, pamoja na vile vyenye homoni. Sheria basi ipo. Kinachoipita sheria ni ndoo iliyo chini ya meza ya muuzaji, na kikopo kisicho na jina.

Neno tulilolisema sisi

Mama alipokuwa akizungumza na daktari, sisi tulibaki na binti kwenye benchi la nje. Tulimuuliza, kwa nini hakusema mapema kwamba uso wamuuma? Alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Babu, Idi ile tulipokuja Mombasa, ulisema mbele ya watu, 'Mbona mtoto umekuwa mweusi hivi, huko bara hamna maji?' Watu wote wakacheka. Krimu hii iliponifanya mweupe, niliogopa wataiondoa."

Tulikumbuka. Ilikuwa mzaha wa barazani, neno la kupita, sisi tukalisahau kabla kahawa haijapoa. Yeye aliondoka nalo hadi Embu, akalala nalo, akalivumilia likimuunguza uso.

Enyi wasomaji, miaka mingi tumesimama juu ya mimbari tukisoma kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Tumesoma pia kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu. Kisha tukateremka mimbari, tukamcheka mtoto kwa rangi yake. Katika harusi zetu bibi arusi husifiwa weupe kabla ya kusifiwa tabia. Mtoto akizaliwa, wa kwanza kumtazama humtazama masikio na kucha ili ajue atakuwa wa rangi gani. Muuzaji wa kikopo hakuanzisha biashara yake kutoka hewani. Sisi ndio tuliomtengenezea wateja.

Tulimwomba binti radhi pale pale, kwa maneno mepesi anayoyafahamu. Mtu mzima kumwomba mtoto radhi ni jambo ambalo hatukulizoea katika malezi yetu. Twaona sasa kwamba tulipaswa kulizoea.

Tohara na udhu

Limebaki swali ambalo kijana wa Meru aliliuliza mwishoni, na akina mama wengi hutuuliza: je, mafuta ya mgando ni najisi, na je, yanazuia udhu?

Asili ya vitu vitokavyo ardhini ni tohara mpaka ipatikane dalili ya kinyume, na mafuta ya madini hayamo katika najisi zinazotajwa na mafaqihi. Kwa hiyo ayapakaye husali nayo bila shaka yoyote.

Ama udhu, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamefafanua. Katika masharti ya udhu ni kusiwe na kitu chenye mwili kinachozuia maji kufika kwenye ngozi, kama nta. Alama ya mafuta, yaani mng'aro na utelezi ambao maji hupita juu yake yakigusa kiungo, haidhuru udhu hata kama maji hayatulii. Lakini mafuta yaliyoganda kwa unene, yakawa tabaka linaloonekana na kukwaruzika kwa ukucha, hayo ni kizuizi na yaondolewe kwanza.

Katika joto la Pwani jambo hili halijitokezi sana, kwa kuwa mafuta hulainika na kuenea. Katika baridi ya Meru, kijana aliyejipaka visigino kwa unene usiku ataamka Alfajiri akayakuta yangali yamekaa. Basi na afute kwa kitambaa na aoshe kwa sabuni kidogo, kisha atawadhe. Hivyo hivyo kwa josho.

Tukagundua jambo lililotufurahisha. Daktari alisema mafuta yapakwe ngozi ingali na unyevu, muda mfupi baada ya maji. Sheria yasema maji kwanza, kizuizi kisiwepo. Mtoto anayetawadha, akajikausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha akapaka mafuta kidogo juu ya mikono na miguu yenye unyevu, amepatiliza yote mawili. Udhu wake ni sahihi, na ngozi yake imefungiwa maji. Akijizoesha hivyo Alfajiri na baada ya Isha, baridi ya Julai haitampasua.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, kabla mtoto hajarudi shule za bara, mtilieni sandukuni sabuni ya kuogea isiyo kali na kopo lake mwenyewe la mafuta ya mgando yasiyo na manukato, lenye jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Nambari ya kibali iliyo kwenye alama hiyo yaweza kuhakikiwa kwa kuituma kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Mafuta ya nazi nayo ni mema kwa ngozi nyingi, ila mwelezeni mtoto kwamba yataganda.

Pili, msinunue cha kuchotwa. Krimu isiyo na lebo, au iliyochanganywa dukani, au inayoahidi kumng'arisha mtoto kwa siku saba, ni bora irudi ilikotoka. Kitu kinachobadili rangi ya ngozi ndani ya wiki kina dawa ndani yake, hata muuzaji akiapa.

Tatu, aliyekwisha kutumia krimu ya namna hii kwa muda mrefu asiache kwa hofu usiku mmoja bila ushauri. Achukue kikopo chenyewe aende nacho kwa daktari, kwa sababu mwili wahitaji kuondolewa dawa hizo kwa mpango. Wala asione haya: daktari amekwisha kuwaona wengi.

Nne, ujumbe wa simu unaotisha juu ya chakula au mafuta uulizwe kwa mfamasia kabla ya kusambazwa. Tumefundishwa kuhakikisha habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mama yetu wa Embu aliamini ujumbe usio na mwenyewe, na aliyelipa ni mtoto.

Tano, na hili ndilo zito zaidi kwetu sisi wanaume wa barazani, tuchunge ndimi zetu juu ya rangi za watoto.

Kijana wa Meru tulimpigia kupitia kwa mwalimu wake, tukamwambia ajipake bila hofu, naye akatujibu kwamba alikuwa amekwisha kuanza, kwani visigino havikuweza kutusubiri. Binti wa Embu alipewa mpango wa kupunguza dawa taratibu, na alichoandikiwa kupaka usoni asubuhi na jioni kilikuwa, kwa mastaajabu ya mama yake, mafuta ya mgando yaliyosafishwa. Kopo lililowekwa juu ya kabati likateremshwa. Daktari alisema ngozi yake ni changa na itajijenga, ingawa kwa miezi, na kwamba ile michirizi miwili shingoni huenda ikabaki.

Juzi mama yake alituambia kwamba amerudi kukaa na wenzake madrasa bila kushika mtandio usoni. Uso bado una wekundu kidogo. Rangi yake yarudi kuwa ile aliyozaliwa nayo, na baba yake humwambia kila asubuhi kwamba yapendeza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu walio karibu na walio mbali, azihifadhi ngozi zao na nyoyo zao, na atusamehe kwa maneno tuliyoyasema bila kufikiri. Amin.